Mkalimani, mwanao au simu: nani abebe maneno yako kwa daktari?

Daktari akisema kidonge kinywewe "mara moja", mgonjwa mmoja atakimeza papo hapo na mwingine atameza kimoja kwa siku. Wote wawili wanakijua Kiswahili barabara. Akitaja saa nane ya usiku kwa hesabu ya lugha yake ya kigeni, mjukuu aliyekulia ughaibuni atamwambia bibi yake "saa nane usiku", na bibi ataamka katikati ya usingizi kumeza dawa iliyopaswa kumezwa saa mbili, kabla hajalala. Hapo hatujagusa bado neno hata moja la kitabibu. Hatujafika kwenye mshipa, ambao kwa Mswahili ni njia ya damu, ni neva, na kwa wazee wengi ni ngiri pia. Wala hatujafika kwenye tumbo, ambalo huenda linauma, linaendesha, au limebeba mtoto.

Kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria mama yangu kila alipokwenda kwa daktari, katika nchi ambayo lugha yake hakuijua. Nilidhani naifanya vizuri kazi hiyo. Lugha ile naijua, nimesoma kwayo, na mama nampenda. Baadaye tukaanza kumtumia mkalimani aliyesomea, na tofauti niliyoiona ndiyo inayonifanya niandike ulinganisho huu kwa yeyote anayejiuliza: niende na mwanangu, nimtegemee nesi anayejuajua lugha yangu, nifungue programu kwenye simu, au niombe mkalimani?

Jibu langu nalitoa mapema. Maneno yabebwe na mkalimani aliyesomea, na ndugu aje kama ndugu. Ila ziara za hospitali hazina uzito mmoja, na wakalimani nao hawalingani, kwa hiyo nitaeleza kila njia ilivyo, na mahali inapofaa.

Aliyesomea anafanya nini ambacho mwanao hafanyi

Wengi wetu tunadhani mkalimani ni mtu yeyote anayejua lugha mbili. Lugha mbili ni mtaji tu. Mkalimani wa hospitali hufundishwa msamiati wa mwili na magonjwa, hufundishwa kushika maelezo marefu bila kudondosha kitu, kutunza siri, na zaidi ya yote, kujizuia. Marekani, kwa mfano, ina vyombo viwili vilivyoanzishwa 2009 vya kuwatahini wakalimani wa afya, na mtu haruhusiwi kukalia mtihani kabla hajapata angalau saa 40 za mafunzo.

Siku yetu ya kwanza mkalimani alikuwa kwenye simu. Daktari aliiweka mezani, akafungua spika, na sauti ya dada mmoja ikasema: "Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani wako wa leo. Kila kitakachosemwa humu ndani nitakitafsiri, kwako na kwa daktari, na hakuna nitakachotoka nacho. Usiponielewa, nisimamishe." Mama akaitikia marahaba, akaweka mkoba chini. Daktari akasema maneno yake, na sauti ikatoka: "Ningependa nikuguse tumboni, kisha uniambie panapouma." Mama akageuka kunitazama. Huyu wa kwenye simu atanigusaje? Dada yule akasikia kimya, akaeleza kwamba anatumia "mimi" kwa sababu maneno ni ya daktari, yeye anayapitisha tu.

Baada ya dakika chache mama alishaisahau simu. Akawa anamtazama daktari, na daktari anamtazama yeye. Niliketi pembeni nikagundua jambo ambalo bado linaniuma: kwa miaka minne wote wawili walikuwa wakinitazama mimi.

Hiyo "mimi" ina sababu yake. Anayesema "mama anasema tumbo linamsumbua" tayari ameshaanza kusimulia, na msimulizi huchagua. Anayesema "tumbo linanichoma hapa chini ya mbavu, hasa nikilala" hana nafasi ya kuchagua. Aliyefunzwa akikwama kwenye neno, husimamisha mazungumzo na kusema wazi kwamba mkalimani anaomba ufafanuzi. Mimi nikikwama nilikuwa nabahatisha, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Mambo mawili uyajue kabla. Kwanza, atatafsiri yote, hata lile unalomnong'oneza mumeo kwamba daktari huyu ana haraka. Pili, hatakushauri. Mama alimwuliza mmoja, "Wewe mwanangu ungekuwa mimi ungekubali upasuaji?" Akaligeuza swali na kumpelekea daktari kama lilivyo. Mama aliona ni mkavu. Nilimwelewa, maana tumezoea kwamba anayetuongoza anatusemesha kijamaa. Lakini ukavu ule ndio unaohakikisha kwamba uamuzi unabaki kuwa wa mgonjwa.

Makosa yamewahi kuhesabiwa

Mwaka 2003 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Glenn Flores. Walirekodi ziara 13 za watoto wa familia zinazozungumza Kihispania, wakasikiliza neno kwa neno. Walikuta makosa 396, wastani wa zaidi ya 30 kwa kila ziara, na zaidi ya nusu yalikuwa ya kuacha kitu bila kukisema. Swali la mzio wa dawa halikufikishwa. Krimu ya upele wa usoni, mama akaambiwa apake mwili mzima. Mama mwingine aliambiwa aitie amoksilini masikioni mwa mtoto kwa sababu mtoto alikuwa na ugonjwa wa sikio, ilhali dawa ile ni ya kunywa.

Waliosomea nao walikosea, lazima niseme. Lakini kati ya makosa yao, asilimia 53 ndiyo yaliyoweza kumletea mtoto madhara ya kiafya, na kwa waliookotwa tu pale pale, asilimia 77.

Timu hiyo ilirudia kazi kwa upana zaidi na kuchapisha 2012, safari hii kwa ziara 57 katika idara za dharura. Makosa yenye uwezo wa kudhuru yalikuwa asilimia 12 kwa wakalimani wa kazi, asilimia 22 kwa wasiosomea, na asilimia 20 pale ambapo hapakuwa na mkalimani kabisa. Zisome tena hizo mbili za mwisho. Kumleta mtu wa kubahatisha hakukuwa bora kuliko kutomleta yeyote. Na kwa wakalimani waliopata mafunzo ya saa 100 au zaidi, kiwango kilishuka hadi asilimia 2. Kwa hiyo ukipewa mkalimani una haki ya kuuliza amesomea kwa muda gani. Swali hilo si la dharau.

Ndugu: anachokijua na anachokificha

Ndugu ana faida ambazo mkalimani hawezi kuzipata. Anajua dawa zote zilizo kwenye kabati, ikiwemo mitishamba ambayo mama hatamtajia daktari. Anajua kwamba wiki iliyopita alianguka bafuni na akaapa hakuumia. Anajua kwamba mama akisema "si mbaya" maana yake ni mbaya sana. Tena ni faraja: mkono wa kushika unapochomwa sindano.

Tatizo ni kwamba upendo huohuo unaharibu tafsiri. Daktari aliwahi kuniambia kwamba picha imeonyesha uvimbe, kwamba lazima kichukuliwe kinyama kipimwe haraka kwa sababu huenda ni saratani. Nilimtazama mama usoni, nikasema: "Kuna kauvimbe kadogo, wanataka kukaangalia tu." Sikukusudia kumdanganya. Neno lile halikutoka mdomoni. Mama, kwa kuwa aliambiwa kadogo, aliahirisha miadi mara mbili. Zikapita wiki tisa. Kipimo kilipofanywa, haikuwa saratani, na namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Lakini katika wiki zile tisa mama hakujua alichokuwa anakiahirisha. Nilimnyima haki ya kuogopa kwa wakati wake.

Upande wa pili ni yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema mbele ya ndugu. Katika ziara ile ya kwanza ya simu, dada mkalimani alipomaliza kutafsiri swali fulani, mama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hebu kanisubiri pale nje." Nilikaa nje kwa dakika 20 nzima. Baadaye sana, na ameniridhia niandike, aliniambia kwamba alikuwa akitokwa na damu isiyo ya kawaida kwa zaidi ya mwaka. Miaka ya hedhi ilikwisha kwake zamani. Kila daktari aliyetuona alikuwa ameuliza kama kuna damu, na kila mara mama alinijibu mimi, mwanawe wa kiume, kwamba hakuna.

Angewezaje kunijibu vingine? Kuna mambo mama hamwambii mwanawe, mkwe hamwambii mkwewe, dada hamwambii kaka. Sehemu za siri, magonjwa ya zinaa, mimba iliyoharibika, nguvu za kiume, mawazo ya kutaka kufa. Ndugu akikaa kwenye kiti cha kutafsiri, mambo hayo yote yanatoka chumbani kabla hayajaingia.

Na lipo baya zaidi. Anayetafsiri akiwa ndiye anayempiga mgonjwa, au ndiye anayemnyima dawa, daktari hatajua kamwe. Ndiyo maana kliniki nyingi makini zina utaratibu wa kuzungumza na mgonjwa peke yake walau mara moja, kwa mkalimani wa nje. Ukiombwa utoke, toka bila kinyongo.

Kuhusu mtoto mdogo sitasema mengi. Asitumike. Mtoto wa miaka kumi hajui ini liko wapi, na hapaswi kuwa wa kwanza duniani kusikia kwamba baba yake ana ugonjwa usiopona, kisha yeye ndiye aifungue hiyo habari kwa lugha ya nyumbani. Dharura isiyo na njia nyingine ni jambo jingine, na hapo pia atumike hadi mtu mzima apatikane, basi.

Nesi "anayejuajua", na daktari wa lugha yako

Daktari anayezungumza lugha yako kwa ufasaha ni bora kuliko mkalimani yeyote. Ukimpata, mshike. Lakini pima ufasaha wenyewe. Aliyejifunza kwa mwaka mmoja atakusalimia vizuri, atakufurahisha, kisha akifika kwenye kichomi, ganzi na kizunguzungu ataanza kutabasamu na kutikisa kichwa. Mjaribu kwa upole: mwombe akueleze kwa lugha yako ugonjwa wako unavyotokea ndani ya mwili. Akizunguka sana, omba mkalimani.

Mhudumu aliyeitwa kutoka mapokezi ni hatari ya aina yake, kwa sababu kila mtu chumbani anadhani wameelewana. Kisa kinachofundishwa kwa wakalimani mahali pengi ni cha Willie Ramirez, kijana wa miaka 18 aliyefikishwa hospitali huko Florida mwaka 1980 akiwa hajitambui. Familia yake, wenye asili ya Cuba, ilisema "intoxicado". Kwa Kihispania chao maana yake ni mtu aliyedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Neno hilo linafanana na neno la Kiingereza la mtu aliyelewa au aliyetumia madawa, na kijana akatibiwa kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe alikuwa anavuja damu ndani ya ubongo. Damu iligunduliwa kwa kuchelewa, na alibaki amepooza mikono na miguu. Fidia ya maisha yake ilikadiriwa kufika dola milioni 71. Mkalimani hakuitwa, kwa sababu hakuna aliyeona haja.

Hilo ndilo linalonitisha. Pale lugha isipoeleweka kabisa, watu husimama na kutafuta msaada. Ikieleweka nusu, wanaendelea.

Programu ya simu

Programu haichoki, iko mfukoni, na haitamwambia jirani. Kwa kumwonyesha mgonjwa choo kilipo, kumwuliza kama anataka maji au kumwambia miadi ni Jumatano, naitumia bila wasiwasi.

Kwa mengine, kumbuka kilichotokea 2014. Watafiti wawili wa Uingereza walichukua sentensi 10 zinazosemwa kila siku hospitalini, wakazitafsiri kwa Google Translate katika lugha 26, kisha wazungumzaji wa lugha hizo wakazirudisha kwa Kiingereza. Jarida la BMJ lilichapisha matokeo: tafsiri sahihi zilikuwa asilimia 57.7 tu, na lugha za Afrika zilishika mkia. Sentensi moja ilikuwa ya kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ana degedege. Kwa Kiswahili ilitoka: mtoto wako amekufa.

Programu za leo zimepiga hatua kubwa tangu hapo. Hata hivyo, utafiti wa 2021 uliopima maagizo ya kwenda nayo nyumbani kutoka idara ya dharura, kwa lugha saba, ulikuta Kihispania kimefika asilimia 94 ya usahihi na Kiarmenia asilimia 55. Kiswahili hakikuwamo. Tofauti hiyo inatokana na wingi wa maandishi ambayo mashine imejifunzia: lugha yenye maandishi machache hupata tafsiri dhaifu, na mashine haikuonyeshi kwamba sasa inabahatisha. Sentensi mbovu inatoka kwa herufi zilezile safi kama sentensi nzuri.

Ukilazimika kuitumia, sema sentensi fupi, moja moja, kisha igeuze tafsiri irudi kwenye lugha ya mwanzo uone imerudi vipi. Kipimo cha dawa, ridhaa ya upasuaji na jina la ugonjwa visipite humo. Kanuni za Marekani za 2024 zilitaka maandishi nyeti ya tiba yaliyotafsiriwa na mashine yakaguliwe na binadamu mwenye sifa kabla ya kumfikia mgonjwa, na naona ni sawa kabisa.

Ana kwa ana, video au simu

Ukishaamua kutumia mkalimani, bado kuna kuchagua namna. Watu hudhani aliyeketi chumbani ni bora daima. Si kweli.

Aliyeketi nawe anaona uso, anaona kidole kinapoonyesha, anasikia mguno. Kwa habari nzito, kwa tiba ya akili, kwa mzee asiyesikia vizuri, kwa mazoezi ya viungo ambapo mgonjwa ananyanyua mguu na kugeuka, huyo ndiye. Viziwi wanaotumia lugha ya alama wanahitaji mkalimani wanayemwona, chumbani au kwenye skrini kubwa isiyokatikakatika.

Simu ina fadhila moja ambayo haitajwi mara nyingi: umbali. Pale wazungumzaji wa lugha yako walipo wachache, mkalimani anayeingia chumbani huenda ni mtu unayesali naye, au shemeji wa rafiki yako. Ameapa kutunza siri, na huenda ataitunza, lakini wewe utashindwa kufunguka. Sauti ya mtu aliye mji mwingine, asiyekuona wala kulijua jina lako, inakuachia nafasi. Mama asingemwambia yale ya damu mwanamke anayekutana naye kila wiki. Tena simu hupatikana ndani ya dakika chache, usiku wa manane pia. Udhaifu wake ni pale mgonjwa anaposema "panauma hapa" na mkalimani haoni hapa ni wapi, kwa hiyo taja mahali: chini ya kitovu, upande wa kulia. Na usikubali simu ipitishwe mkono kwa mkono, iwekwe kwenye spika.

Video iko katikati, na mtandao ukiwa mzuri inatosha kwa ziara nyingi.

Kiswahili kipi?

Hili linasahaulika sana. Kwenye fomu kumeandikwa "Kiswahili", na hospitali inaleta yeyote. Mtu wa Bukavu, kule Kongo, akisema amekwenda kwa munganga, amekwenda kwa daktari. Mkalimani wa Nairobi anaweza kusikia mganga wa kienyeji, na swali linalofuata likawa kuhusu dawa za mizizi. Mtanzania naye ana Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ni daktari mwenye koti jeupe. Neno ni moja, na njia ya matibabu inaweza kupinda hapo.

Kwa hiyo unapoweka miadi, taja Kiswahili cha wapi. Na kama Kiswahili ni lugha yako ya sokoni tu, na maumivu yako unayajua kwa Kibembe, Kinyarwanda au Kizigua, sema hivyo. Usione haya kwamba unasumbua. Wengi wanapewa mkalimani wa Kiswahili, wanaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu, wanaondoka na nusu ya habari.

Nani analipa

Hii inategemea nchi, kwa hiyo uliza mapema. Marekani, sheria ya afya ya 2010 na kanuni zake zinazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu kukupa mkalimani mwenye sifa bila malipo. Tangu kanuni za 2016 haziruhusiwi kukulazimisha uje na mtu wako, wala kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura. Norway ina sheria ya ukalimani iliyoanza kutumika 2022 inayokataza kuwatumia watoto. Australia ina huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu iliyoanza 1973, inayofanya kazi saa 24. Denmark ilikwenda njia nyingine: Julai 2018 ilianza kumlipisha aliyeishi huko zaidi ya miaka mitatu, ingawa iliweka misamaha. Nasikitika kila nikiifikiria kanuni hiyo, kwa sababu mzee anayetozwa ili aelewe ataamua kutoelewa.

Pale ambapo hakuna huduma yoyote, bado unaweza kuyasogeza mambo mbele: mchukue mtu mzima asiye wa familia, anayezijua lugha zote mbili vizuri, mpe masharti ya mkalimani. Aseme yote, aseme kwa "mimi", asijibu kwa niaba yako, aulize asipojua.

Ziara gani, nani

Kuchukua dawa ulizozizoea, kupima presha, kubadilisha tarehe: ndugu anatosha, hata programu. Ziara ya kwanza kwa daktari mpya, jina jipya la ugonjwa, dawa mpya au kipimo kilichobadilishwa, fomu yoyote ya kutia saini, ujauzito na kujifungua, afya ya akili, siku ya kuruhusiwa kutoka wodini: hapo omba aliyesomea na usipunguze. Siku ya kuruhusiwa ndiyo watu huipuuza, kwa kuwa kila mtu anataka kwenda nyumbani, na ndiyo siku yenye maagizo mengi kuliko zote.

Mwombe wakati wa kuweka miadi, usingoje kufika dirishani. Omba lugha yako iandikwe kwenye faili. Ukitaka mwanamke au mwanamume, sema. Omba pia muda mrefu zaidi, maana kila sentensi itasemwa mara mbili. Chumbani, mkalimani akae karibu nawe, kidogo nyuma, ili daktari akutazame wewe. Ndugu yako akae upande wa pili, na akitaka kuongeza jambo aongeze kupitia kwa mkalimani huyohuyo.

Ukiona daktari ameongea kwa dakika nzima na wewe umepata maneno manne, au mkalimani anaanza kukujibia, simamisha. Unaweza kuomba mwingine. Mama alishawahi kufanya hivyo, kwa upole, baada ya bwana mmoja kumwambia asimchoshe daktari na historia ndefu.

Na kabla hamjainuka, mrudishie daktari maelezo yake kwa maneno yako. Mama sasa hufanya hivyo bila kukumbushwa. Ziara iliyopita, mkalimani alikuwa mzuri, hakuna aliyekuwa na haraka, na mama akasema: "Kwa hiyo kidonge cheupe kimoja saa mbili asubuhi baada ya kula, na cha njano kimoja saa mbili usiku." Mkalimani akaipeleka. Daktari akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Cha njano alikuwa amesema nusu. Akachukua pakiti, akachora mstari katikati ya picha ya kidonge, na mama akakirudia tena chote, safari hii na nusu yake.